Tazama Ndevu, Usitazame Bua

Ukiingia shamba la mahindi Kongwa, mkoani Dodoma, mwezi wa pili na mvua imekatika, majani yatakudanganya. Mchana yanajikunja, alfajiri unayakuta yamefunguka. Mimi huenda moja kwa moja kwenye ndevu. Kila uzi wa ndevu ni punje moja: ukipata chavua, punje inatunga, ukikosa, linabaki pengo. Maji yakitosha, ndevu hutoka siku moja hadi tatu baada ya mbelewele kule kileleni kuanza kumwaga chavua. Ukame ukiukuta mmea wakati huo, mbelewele haingoji, lakini ndevu huchelewa, pengine zaidi ya wiki. Zinapochomoza, chavua imekwisha. Mtu anavuna gunzi lenye punje za kuhesabu, na bua lake lilikuwa refu, la kupendeza.

Ndiyo maana sisi tunaotafuta mbegu zinazostahimili ukame tumehangaika sana na hizo siku chache. Kwenye kituo cha utafiti tunapanda kiangazi, tunamwagilia, kisha wiki mbili hivi kabla ya mahindi kuchanua tunafunga maji. Aina ambayo ndevu zake zinawahi hata kwenye kiu, hiyo tunaiendeleza. Nisieleweke vibaya: mvua ikikatika moja kwa moja, hakuna hindi litakalobeba. Kwenye maeneo makavu zaidi bado nawaambia watu wasiache mtama na uwele.

Lakini kituo si shamba la mtu, na Kongwa inalijua hilo. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha hapa mradi mkubwa wa karanga, wakafyeka pori kwa matrekta kabla ya kuijaribu ardhi vya kutosha. Kiangazi udongo ukashikana ukawa mgumu, mvua nazo zikawaangusha, na mwaka 1951 mradi ukaachwa. Sipeleki mbegu kijijini bila kuikumbuka habari hiyo.

Utaratibu ninaouamini ni wa shamba mama na mashamba watoto, ulioanzia Malawi miaka ya 1990. Shamba mama lina aina zote na tunalisimamia wenyewe. Kwenye shamba mtoto mkulima anapewa aina tatu au nne tu, anazipanda kando ya mbegu yake aliyoizoea, anapalilia siku anayopalilia, mbolea anaweka kama huwa anaweka. Hapa ndipo mabwana shamba wapya hushindwa kujizuia. Wanaona mahindi yamekuwa ya njano, huruma inawashika, wanataka kumpelekea mzee wa watu mfuko wa urea. Huruma hiyo naijua, ila mfuko naurudisha kwenye gari. Tukimwekea mbolea msimu huu, mwakani atanunua mbegu kwa sifa ambazo shamba lake halitampa, na hasara itakuwa yake, si yetu.

Wakati wa mavuno ndipo ninapojifunza zaidi. Msimu mmoja nilisimama na mama mmoja mtu mzima mbele ya aina iliyokuwa inaongoza kwenye mizani. Nikamwonyesha uzito, nimefurahi. Akakamata suke lililokuwa bado kwenye bua, akapitisha kidole gumba kwenye ncha. Maganda yalikuwa yameishia kabla ya punje, ncha iko wazi.

"Mwanangu, suke hili, mdudu dumuzi ataliingia likiwa hapahapa shambani, atoboe punje. Mwezi wa kumi nitawapikia nini wajukuu?"

"Na hili je, mama?" Nikamwelekeza kwenye aina iliyokuwa ya tatu kwa uzito. Akalibonyeza, maganda yamefunga mpaka juu na kubakiza kishungi. Akalivunja, akalitia kwenye kanga yake.

Wanaume tuliokuwa tumewauliza asubuhi walikuwa wametaja ukubwa wa gunzi na kuwahi kukomaa. Maganda hakuyataja hata mmoja. Fomu yangu nayo haikuwa na sehemu ya kuyaandika. Nikachora safu kwa kalamu pembeni ya karatasi, nikamwomba mama tuanze upya kutoka mstari wa kwanza, yeye akibonyeza ncha, mimi nikiandika.