Usukani unapokuwa mwepesi mkononi

Mwezi uliopita kijana mmoja alikuja na bodaboda kutoka Ujiji hadi kibandani kwangu Mwanga, hapa Kigoma, amekumbatia usukani wa gemu alioufunga ndani ya kiroba cha mchele. Kabla hata ya kukaa akaanza: "Shikamoo fundi. Huu umekufa. Nikikata kona unakaza tu, gari linatoka barabarani na mkononi sijasikia kitu."

Nikauchomeka kwenye kompyuta ya kibandani. Nikauzungusha kushoto hadi mwisho, kulia hadi mwisho. Mota nzima, gia nzima, sensa inasoma bila kuruka. Nikafungua mipangilio, nikakuta kila kinachoitwa nguvu kimesukumwa hadi juu kabisa, kwenye programu ya usukani na ndani ya gemu. Nikapunguza sehemu moja tu, ile ya ndani ya gemu, kisha nikamwambia akae aendeshe. Mzunguko wa pili aliinua mguu kwenye mafuta mwenyewe, katikati ya kona, kabla gari halijaanza kwenda pembeni. Akanitazama. "Fundi, umebadilisha nini?"

Nimeulizwa swali hilo mara nyingi mno, nami kila mara nalijibu nimesimama, bisibisi mkononi, mteja mwingine anasubiri simu yake. Leo nimekaa niliandike lote.

Udereva nilifundishwa na mjomba wangu kwenye Fuso, enzi barabara ya kwenda Kasulu ikiwa bado ya udongo mwekundu. Masika yakishika, udongo ule unateleza kama sabuni. Mjomba hakunifundisha mambo mengi. Alinikataza kuubana usukani. "Ushike kwa vidole," alisema, "ili uusikie." Ukikata kona, usukani unakuwa na uzito, unataka kurudi katikati wenyewe. Uzito ule ukipungua na mikono yako bado imekata vilevile, basi matairi ya mbele yameanza kuachia. Toa mguu kwenye mafuta, rudisha usukani kidogo, ngoja uzito urudi. Ukisubiri hadi macho yaone kichwa cha gari kinakwenda mtaroni, umechelewa.

Usukani wa gemu wenye mota ndani, huo unaouzwa kwa jina la fosi fidibeki, umetengenezwa ili ufikishe mkononi habari hiyohiyo ya mjomba. Watu wengi wanaamini kazi yake ni kutikisika na kuwa mgumu. Ndiyo maana wanasukuma kila kitu hadi juu, na hapo ndipo wanapoipoteza habari yenyewe.

Uzito ule unatoka wapi? Chukua baiskeli, isimamishe, utazame uma wa mbele. Umeinama. Ukiurefusha mstari wa shingo ya baiskeli kwa macho hadi chini, utagusa ardhi mbele kidogo ya pale tairi linapokanyaga. Kwa hiyo tairi linaburutwa nyuma ya mstari ule, na kitu kinachoburutwa hujinyoosha chenyewe kumfuata anayekiburuta. Hiyo ni sababu mojawapo ya mtu kuweza kuachia mikono yote miwili kwenye tambarare na baiskeli ikaendelea kwenda sawa. Gari nalo lina mwinamo huo kwenye matairi ya mbele. Mafundi wa alaimenti wanauita kasta.

Hiyo ni nusu ya kwanza, nayo ni rahisi. Nusu ya pili imo ndani ya mpira wenyewe, na ndiyo ninayoipenda.

Pale tairi linapogusa barabara pana eneo dogo, tuseme ukubwa wa kiganja. Ukikata kona, rimu inatazama upande mmoja huku gari bado likielekea upande mwingine kidogo, na kati ya pande hizo inazaliwa pembe ndogo. Mpira unaoingia mbele ya kiganja kile unaingia ukiwa umenyooka. Kadiri unavyopita kuelekea nyuma, unazidi kuvutwa pembeni. Kwa hiyo nguvu ya kushika kona haikai katikati ya kiganja, imelundikana nyuma yake. Na nguvu inayovuta nyuma ya katikati hujaribu kulizungusha tairi lirudi kunyooka. Jumlisha na kasta, hapo umeupata uzito unaousikia mkononi.

Sasa ongeza pembe. Mpira wa nyuma ya kiganja unafika mwisho wa kuvutika, unaanza kuteleza. Mzigo unahamia mbele, unasogea karibu na katikati. Tairi bado linashika, tena linashika zaidi kidogo kuliko sekunde iliyopita, ila wenzo wake wa kuzungusha umefupika. Usukani unapungua uzito wakati tairi bado halijafika ukomo wake. Yaani tairi linakuonya kabla halijashindwa, na njia pekee ya onyo hilo kukufikia ni viganja vyako. Mimi nimekuwa fundi wa vitu vya umeme maisha yangu yote na bado sijaona kipimo kilichokaa mahali pazuri kuliko hicho, na hakuna aliyekichomea pale. Kimetokana na mpira wenyewe kupinda.

Gemu nzuri inapiga hesabu hiyo yote kila mara. Assetto Corsa, iliyotoka rasmi mwaka 2014 kutoka kwa Kunos Simulazioni wa Italia, inapiga hesabu za gari mara 333 kwa sekunde, na nguvu inayokuja mkononi inatokana na matairi na mpangilio wa vyuma vya mbele vya gari husika. Kuna gemu nyingine ambazo mtetemo umepachikwa tu: ukigonga ukuta unatikiswa, ukipanda nyasi unatikiswa. Hizo zinafurahisha watoto na sina ubaya nazo, ila ukizicheza usitegemee kujifunza kona kwa mikono.

Twende kwenye ugonjwa wa yule kijana.

Microsoft iliingiza nguvu hii kwenye Windows mwaka 1997 kupitia DirectInput, yaani njia ya gemu kuzungumza na usukani, na utaratibu ule bado unatumika. Gemu inaupelekea usukani namba, na namba hiyo ina dari: 10,000. Kumi elfu maana yake ni "mota, vuta kwa nguvu zako zote." Hakuna 10,001. Gemu ikihitaji 14,000, usukani unapokea 10,000. Ikihitaji 30,000 kwa sababu umepanda ukingo wa barabara, usukani unapokea 10,000 ileile.

Itazame kona ya yule kijana kwa namba, ambazo naziweka kwa mfano tu. Anaingia, uzito unapanda: 8,000, 10,000, na gemu inaendelea kudai 12,000, 14,000. Mkononi imebaki 10,000. Matairi yanaanza kuachia, uzito halisi unashuka kutoka 14,000 hadi 11,000. Mkononi bado 10,000! Onyo lote la mjomba limepita juu ya dari, na mkono haukusikia mabadiliko yoyote kwa sababu hayakuufikia. Uzito unaposhuka chini ya 10,000 gari limeshakwenda. Ndiyo ile "unakaza tu" aliyoniambia. Wenye mambo haya wanaiita klipingi, na anayejua spika za muziki ataielewa haraka: ukifungua sauti kupita uwezo wa amplifaya, ngoma na besi vinakuwa mkwaruzo mmoja.

Dawa yake haina gharama. Kwenye programu ya usukani acha nguvu kama ilivyotoka kiwandani, kisha kazi yote ifanye ndani ya gemu. Chagua gari utakaloendesha, chagua barabara yenye kona ndefu ya kasi, endesha kama unavyoendesha siku zote, na utazame kipimo cha nguvu ya usukani kwenye skrini. Assetto Corsa inacho, kwenye kile kidirisha cha pedeli. Kikigusa dari kinakuwa chekundu. Ukiwa ndani ya kona ndefu kisiwe chekundu. Kikiwaka kidogo unapopanda ukingo au kutua kwenye bonde, kiache. Ili kupunguza nguvu, bonyeza alama ya kutoa kwenye vitufe vya namba, kidogo kidogo, na kila gari litakumbuka kipimo chake. Gran Turismo 7 nayo ina mahali pa kuweka ukomo wa nguvu. Huko huna kipimo kizuri hivyo, utasikiliza mkono.

Utaona usukani umekuwa mwepesi kuliko ulivyozoea. Vumilia siku mbili. Karibu kila niliyemrekebishia amelalamika siku ya kwanza kwamba nimemharibia, na sijawahi kubishana naye, namwambia tu asiguse hadi Jumamosi.

Hapo ndipo linapokuja swali la pesa, maana usukani wenye mota kubwa una dari ya juu zaidi. Nguvu ya kuzungusha inapimwa kwa nyutoni mita, Nm. Logitech G29 ya mwaka 2015 inatoa kama Nm 2. Kwenye usukani wenye kipenyo cha sentimita 28 hiyo ni sawa na kuning'iniza mfuko wa kilo moja na nusu ya sukari kwenye ukingo wake. Thrustmaster T300 inakaribia Nm 4. Fanatec CSL DD, iliyotoka mwaka 2021, inatoa Nm 5, na ukiibadilishia adapta ya umeme kwa ile kubwa inafika 8, hapo unazungumzia karibu kilo sita kwenye ukingo.

Tofauti ya ndani iko kwenye njia ambayo nguvu inapita. G29 ina mota mbili ndogo zinazosukuma gia. Gia zina nafasi kidogo kati ya meno, ndiyo maana ukiushika ukiwa umenyooka unasikia kilegezo cha katikati na mlio wa meno kugongana. T300 inatumia mkanda, laini zaidi, kimya zaidi. CSL DD haina gia wala mkanda: usukani umefungwa moja kwa moja kwenye ekseli ya mota. Kitu kidogo kabisa kinachotokea kwenye tairi kinafika.

Lakini nitakuambia ninachowaambia wateja. Usukani wa Nm 2 uliopangwa vizuri unakuonya kuliko wa Nm 8 uliofunguliwa hadi ukagonga dari. Kwa bei zinavyofika hapa Kigoma, na nauli ya mzigo kutoka Dar es Salaam juu yake, mtumba mzuri wa gia unatosha kabisa kujifunzia. Ukiwa nao, tafuta kwenye gemu kipimo cha nguvu ya chini kabisa na ukipandishe kidogo. Kinaamsha zile nguvu ndogo ambazo gia zinazimeza pale katikati. Ukizidisha, usukani utaanza kuchezacheza wenyewe kwenye barabara iliyonyooka. Rudi nyuma hatua moja.

Meza nayo. Nimeona usukani wa pesa nyingi umebanwa kwenye meza ya plastiki. Mota inavuta, meza inapinda, habari inaishia kwenye plastiki. Ukikosa meza nzito ya mninga, nenda kwa fundi anayechomea mageti, mpe vipimo, atakutengenezea stendi ya bomba za mraba kwa siku moja. Na pedeli uzifunike ukimaliza. Nyingi za bei ya chini zinatumia potenshiomita, kipande kinachosuguana ndani ili kupima umekanyaga kiasi gani, na vumbi letu la kiangazi likiingia humo breki inaanza kusoma namba za kurukaruka. Hilo ndilo tatizo ninalolifungua kila wiki, na mara nyingi usafi tu unatosha.

Mjomba alipita kibandani siku tatu baada ya yule kijana. Amestaafu, mabega yamemshinda. Nilimkalisha, nikampa gari dogo la zamani lisilo na pawa steringi, nikamwambia ashike kama Fuso. Aliendesha polepole mzunguko mzima bila kusema. Wa pili akaongeza. Kwenye kona ya kulia nikaona vidole vyake vinarudisha usukani kidogo, mguu umetoka kwenye mafuta, gari likatulia.

"Mbele inasema kweli," aliniambia. Akaendelea kona mbili tatu, gari likafagia nyuma, likazunguka kabisa likatazama lilikotoka. Akaachia usukani. "Lakini nyuma haisemi. Nyuma nilikuwa naisikia hapa," akapiga kiti kwa kiganja.

Yuko sahihi, na hakuna kipimo nitakachogeuza kumpa kiti chake. Usukani umeungwa na matairi ya mbele tu. Ya nyuma yakiachia, dereva wa gari halisi anayasikia kiunoni, mwili unavyosukumwa. Kwenye gemu kinachofika mkononi ni usukani kukimbilia wenyewe upande ambao gari linateleza, na kufikia hapo muda umebaki mchache. Baadhi ya gemu na programu zinachanganya mtikisiko wa nyuma ndani ya nguvu ya usukani ili kufidia. Mimi naizima, kwa sababu inapita kwenye dari ileile ya 10,000 na inafunika sauti ya matairi ya mbele. Nilimwambia mjomba auachie usukani ujizungushe kati ya vidole nyuma ikianza kutoka, asiupinge, kisha audake ukisimama. Alijaribu mara nne. Mara ya tano gari lilitoka nyuma, likayumba, likarudi kwenye mstari.

"Niwekee tena," alisema, "na ufunge huo mlango, bodaboda zinanizuia kusikia matairi."