Sainasi Sugu Haiponi kwa Kurudia Antibaiotiki

Novemba 18 hadi 24 ni wiki ya dunia ya kukumbushana kuhusu usugu wa vimelea dhidi ya dawa, nasi wa kitengo cha masikio, pua na koo tuna la kusema. Wagonjwa wengi wa sainasi, yaani uvimbe wa vyumba vya hewa vinavyozunguka pua, hutufikia wameshameza dozi juu ya dozi za antibaiotiki (dawa za kuua bakteria), na pua bado imeziba.

Sainasi huitwa sugu ikidumu wiki 12 au zaidi: pua kuziba, makamasi kuteremkia kooni, uso kuuma, kutosikia harufu. Kwa wengi kiini chake si bakteria. Ni utando wa ndani ya pua uliovimba na kubaki hivyo, na mzio, pumu, moshi wa sigara au kuni na vinyama vya puani huchangia. Usaha wenye harufu mbaya ukitoka tundu moja tu, tunakagua magego ya juu, maana mizizi yake imepakana na chumba cha hewa cha shavuni. Wapo wanaoamini kwamba kuoga usiku huleta ugonjwa huu; si kweli.

Tiba huanza kwa kuosha pua: nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko cha chai cha chumvi kisichojaa kupita ukingo. Maji ya bomba yasiyochemshwa, hapana. Kisha dawa ya kupuliza puani yenye steroidi, ya kupunguza uvimbe, kila siku kwa wiki 8 hadi 12. Wengi huiacha siku chache tu baada ya kuanza wakisema haifanyi kazi. Inamisha kichwa mbele kidogo, shika kichupa kwa mkono wa kulia kwa tundu la kushoto, elekeza ncha upande wa sikio, vuta pumzi taratibu. Ukivuta kwa nguvu, dawa inaishia kooni. Matone ya kuzibua pua ni kitu kingine kabisa: yasizidi siku 5, la sivyo pua huziba zaidi.

Usipopata nafuu, njoo na barua ya rufaa yenye muhuri wa kituo, kadi ya bima na dawa zote ulizotumia, hata maboksi matupu. Usilipie CT skani (picha ya ndani ya kichwa) kabla ya kuonwa. Tutaiagiza sisi ikihitajika. Upasuaji hufanyika kupitia matundu ya pua, na baada yake kuosha kunaendelea.

Jicho likivimba, ukiona vitu viwili-viwili, au homa ikaja na shingo kukakamaa, usisubiri barua. Nenda idara ya dharura saa hiyohiyo.