Si lazima betri iishe ndipo uichaji

Wengi bado huacha kompyuta mpakato izime yenyewe kabla ya kuichaji, wakiamini kwamba betri ikichajiwa mapema "itazoea vibaya". Ushauri huo ulikuwa na msingi enzi za betri za nikeli na kadimiamu. Lakini mwaka 1991 Sony ilianza kuuza betri za ayoni za lithiamu, na leo karibu kila simu na kompyuta mpakato hutumia aina hiyo. Hizi hazina mazoea hayo. Kuzimaliza hadi 0% kila mara ndiko kunakozichosha. Ichaji hata ikiwa na 40%. Adui mkubwa ni joto. Kompyuta inayochajiwa juu ya godoro huzibwa matundu ya hewa, na kwa kweli huniuma kuiona hivyo.