Mlipuko Ukiingia Tanga, Bustani Zifungwe? Maswali na Majibu

Ugonjwa wa mlipuko ukitangazwa, si bora viwanja na bustani zote zifungwe tu?

Inategemea ugonjwa wenyewe unapita mlango gani. UVIKO-19 hupita zaidi hewani. Mgonjwa akipumua, akikohoa au akiimba hutoa chembechembe zenye virusi, na ndani ya chumba kisicho na madirisha hujaa kama moshi wa kuni. Pale Bustani ya Jamhuri upepo wa baharini huzitawanya. Sasa ukimfukuza mtu bustanini, akaenda kubanana kwenye kibanda cha kuonyesha mpira, umeruka majivu ukakanyaga moto.

Kipindupindu ni habari nyingine. Hicho husafiri kwa maji na chakula kilichoingiwa na kinyesi, wala upepo haukisumbui. Hapo cha kuchunguza ni choo cha uwanjani, juisi ya barafu na matunda yaliyokwisha kumenywa.

Mbona mwaka 2020 michezo ilisimamishwa?

Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini alitangazwa Machi 16, na siku iliyofuata Serikali ikasimamisha ligi na mikusanyiko. Michezo iliruhusiwa tena Juni 1. Tatizo lilikuwa msongamano. Uwanja wa Mkwakwani siku Coastal Union inacheza, watu bega kwa bega wakipiga kelele, haifanani hata kidogo na wawili wanaotembea kando ya bahari Raskazone alfajiri.

Na matembezi hayo ni dawa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Wenye kisukari na shinikizo la damu wanayahitaji kuliko wengine, na hao hao ndio UVIKO-19 iliwaelemea zaidi. Kuwafungia ndani miezi mitatu bila kunyoosha miguu si kuwalinda.

Wenzetu walifanyaje?

San Francisco, Marekani, walichora miduara kwenye nyasi za Dolores Park mwezi Mei 2020, kila familia ikae katika wake. Katika miji mingi ya huko idara za bustani zilihamishia mazoezi kwenye intaneti, na kumbi za michezo zikawa vituo vya kugawa chakula. Mazoezi ya kwenye simu sioni yakitufaa sana, bando likiwa ghali hivi. Ila miduara ni chokaa na kamba tu.

Hapa nani aifanye kazi hiyo?

Halmashauri ya Jiji ina maofisa wa michezo, afya na maendeleo ya jamii. Mtaani yupo mwenyekiti, na wapo wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Watu tunao. Kinachoharibu ni mazoea ya kubandika tangazo langoni kisha kutuma mgambo. Aanze kuulizwa anayekitumia kiwanja.

Chukua klabu za joging za Jumapili. Nani asiyezijua, na nyimbo zake za kuitikiana barabara nzima? Ofisa asiyekimbia atazipiga marufuku. Lakini ukiketi na viongozi wao watakwambia wenyewe kwamba kundi la watu sitini linaweza kukatwa mafungu ya watu kumi, kila fungu na njia yake, na nyimbo zikapumzika kwa muda. Kuimba kwa nguvu huku mmebanana hurusha chembechembe nyingi kuliko kuongea kwa kawaida. Agizo likitoka kwa kiongozi wa klabu, halihitaji mgambo.

Na kijiwe cha kahawa?

Hapo ndipo pagumu, kwa sababu kahawa bila wazee wa bao na drafti si kahawa. Baraza liwe wazi, kivuli cha mti badala ya kibanda, na viti viachane walau mita moja. Vikombe ndivyo vinavyonitia shaka: ishirini, vinasuuzwa ndoo moja tangu asubuhi, maji yamekuwa rangi ya kahawa yenyewe. Vioshwe kwa sabuni, visuuzwe kwa maji safi yanayotiririka, au kila mzee aje na kikombe chake. Muuza kahawa ashirikishwe mapema. Anasikilizwa na watu wengi kwa siku kuliko kipaza sauti cha gari la matangazo.

Nivae barakoa nikikimbia?

Hapana. Ikilowa jasho, na kwa joto letu italowa, kupumua kunakuwa kazi. Kaa mbali na wenzako. Ivae ukipanda daladala kurudi.

Watoto na bembea?

Wacheze, wanawe kabla na baada. Kibuyu chirizi kinatosha: dumu la lita tano lenye tobo, kamba, kijiti cha kukanyagia, na sabuni iliyoning'inizwa pembeni. Mikono haigusi dumu. Aandikwe mtu wa kujaza maji kila siku, kwa jina lake, maana dumu la wote hukauka siku ya tatu.

Nina homa na kikohozi, ila timu inanitegemea jioni.

Baki nyumbani, mgosi. Piga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya, au nenda kituo cha afya kilicho karibu. Ukianza kuhema kwa shida, usingoje kesho. Timu itamwingiza wa akiba.