Maji ya bwawa la samaki siyo mfuko wa mbolea ya UREA, tuelewane

Wiki haipiti bila mtu kunipigia, "mtaalamu, mi nshachimba bwawa la sato kwahiyo mbolea sinunui tena, si namwagilia tu maji ya bwawa?" Baadaye ananitumia picha ya mahindi, majani ya chini yameanza njano kwenye ncha ikaingia ndani kufuata uti wa jani, njaa ya naitrojeni ya wazi kabisa, eti anauliza ni ugonjwa gani.

Haya tupige hesabu. Bwawa la mita 10 kwa 20, kina mita moja, linabeba lita 200,000. Kwa bwawa la udongo la kawaida unalolisha pumba na chakula cha kuungaunga, hata nikikupendelea nikasema kila lita ina miligramu 5 za naitrojeni, bwawa zima linakupa kilo moja. MOJA. Mfuko wa UREA wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Yaani umalize maji yote bwawani uyamwage shambani, umeweka sawa na UREA kilo mbili na kidogo, na samaki wako wamebaki wanagaagaa kwenye tope.

Sijasema maji hayana kitu. Kibustani cha mchicha na chainizi unachokimwagilia kila siku kitanufaika, maana samaki wanakula kila siku na amonia inatoka kila siku, kidogo kidogo inajikusanya. Eka ya mahindi hapana. Kambale waliobanana kwenye tangi ni habari nyingine, yale maji yameshiba kweli, ila wengi mnaonipigia hata tangi hamna.

Mali iko kwenye tope jamani! Mavi ya samaki, mwani uliokufa, chakula kilichobaki, vyote vinazama, na fosforasi ndo kabisa inang'ang'ania kule chini. Ukishavuna acha bwawa likauke mpaka tope lipasuke vipande, chota kwa koleo, tandaza shambani kabla hujalima. Sasa unakuta mtu analitoa analirundika ukingoni, mvua ikinyesha linarudi lote bwawani, na yeye huyo yuko dukani anakopa DAP, mbolea ya fosforasi hiyohiyo. Na kama unavuta kwa pampu mdomo wa bomba ushushe karibu na chini, ya juujuu waachie samaki, ndo yenye hewa.

Mengine niyapitie haraka. Eti maji ya kijani yanaunguza mimea, hayaunguzi, kijani ni mwani tu, shida yake ni kuziba matundu ya dripu (mipira ya kumwagilia kwa matone) kwahiyo weka filta na uisafishe. Eti yakinuka ndo mbolea imekolea, hapana, hewa imeisha huko chini, punguza chakula na uongeze maji mapya kabla hujaokota samaki wanaelea.

Eti ni salama kwa mboga yoyote, hii inategemea. Kama banda la kuku liko juu ya bwawa, mavi yanadondokea majini, kwahiyo mwaga kwenye shina, usirushie majani ya vitu vya kachumbari. Na nyie wa Tanga, Lindi na Mtwara mnaofuga samaki wa mwatiko kwenye maji ya bahari, hayo msiyasogeze kabisa kwenye bustani, chumvi ikishaingia kwenye udongo kuitoa ni kazi, hata tope lake liacheni hukohuko.