Kuweka alama na kukamata tena: watafiti wanavyokadiria idadi ya ndege wa baharini

Kuweka alama na kukamata tena ni mbinu ya kukadiria idadi ya wanyama wasiohesabika mmoja mmoja. Unakamata kundi la kwanza, unalitia alama na kuliachia. Baadaye unakamata kundi la pili na kuangalia ni wangapi humo wenye alama. Kwa albatrosi, ndege wakubwa wa baharini, wa visiwa vya Pasifiki, alama hiyo ni pete ya chuma yenye namba, inayovishwa mguuni.

Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme ndege 200 wamevishwa pete. Awamu ya pili wanakamatwa 150, na 30 kati yao wana pete, yaani mmoja katika kila watano. Ukichukulia kwamba uwiano huo ni wa koloni zima, yaani kundi lote la ndege wanaotaga mahali pamoja, ndege wote ni 1,000 (200 × 150 ÷ 30). Kazi ngumu iko hapo kwenye "ukichukulia". Kama kati ya wale 150 wamo 10 waliodondosha pete, wenye alama walipaswa kuwa 40 na jibu kuwa 750. Umeshaandika ndege 250 wasiokuwepo. Hali ni hiyo hiyo ndege aliyewahi kukamatwa akijifunza kumkwepa mtu.

Ndiyo maana uvishaji hauhitaji papara. Mtu mmoja hushika mdomo wa ndege, maana albatrosi huuma vibaya, na kuyabana mabawa ubavuni bila kukandamiza kifua. Kifua kisipopanuka, ndege hapumui. Wa pili huifunga pete kwa koleo lenye tundu la saizi ya pete hiyo. Ncha zikutane sawasawa: zikipandana zitachubua mguu, zikiachana zitanasa uzi wa kuvulia. Pete izunguke na kuteleza kidogo, ila isivuke kifundo wala kushukia vidoleni. Namba husomwa kwa sauti, huandikwa, kisha husomwa tena kutoka daftarini, kwa sababu 3 ikiandikwa 8 umezua ndege mwingine kabisa.

Adui mkubwa ni chumvi na mchanga. Pete ya alumini huliwa taratibu, namba zikafutika, ukingo ukawa mwembamba, mwishowe ikadondoka. Albatrosi huishi miongo mingi, kwa hiyo chuma cha pua kinamfaa zaidi, na pete iliyochakaa hubadilishwa kabla namba haijapotea. Katika atoli (visiwa vya matumbawe) ya Midway, kaskazini-magharibi mwa visiwa vikuu vya Hawaii, mtafiti wa ndege Chandler Robbins alimvisha pete albatrosi jike wa aina ya Laysan mwaka 1956. Mwaka 2002 alimkamata tena bila kumtambua. Ni kumbukumbu za pete zilizobadilishwa kwa miaka hiyo yote ndizo zilizomrudisha kwenye namba ya kwanza. Ndege huyo, anayeitwa Wisdom, alitaga yai tena mwaka 2024. Mnyororo huo ungekatika mara moja tu, angehesabiwa kuwa ndege mgeni.

Ili kujua pete zinapotea kwa kasi gani, baadhi ya ndege huvishwa mbili, moja kila mguu. Wanaorudi na moja tu ndio kipimo cha upotevu.

Jambo moja husahaulika sana: hesabu ya awamu mbili inafaa ndani ya msimu mmoja tu, kabla ndege hawajafa, kuzaliwa au kuhama. Kwa miaka mingi, kila ndege huandikiwa mstari wake, 1 akionekana na 0 asipoonekana. Mstari 1 0 0 1 unaonyesha kwamba 0 si kifo. Huenda mwaka huo hakutaga na akabaki baharini. Na makinda wakishaondoka hukaa miaka kama 3 hadi 5 bila kukanyaga nchi kavu, hivyo aliyevishwa pete kiotini asitarajiwe kuonekana msimu unaofuata. Anayewahesabu hao kuwa wamekufa atatangaza maafa ambayo hayajatokea.