Li Yuanhong: rais aliyetolewa uvunguni?

Mtaje Li Yuanhong kwa anayeijua historia ya China juujuu, atakwambia ni yule jenerali, baadaye rais, aliyeburutwa kutoka uvunguni mwa kitanda ili aongoze mapinduzi dhidi ya ufalme wa Qing. Alilazimishwa, hilo kweli. Kitanda ndicho cha kutilia shaka. Askari wa mji wa Wuchang, mkoani Hubei, walipoasi usiku wa tarehe 10 Oktoba 1911, Li alikuwa kamanda wa brigedi upande wa serikali. Mambo yalipomharibikia akajificha nyumbani kwa ofisa wake mmoja, na huko ndiko walikomkuta. Habari ya uvungu ilivumishwa na wasiompenda, ikanoga kwa kuwa inachekesha.

Walimwekea mezani tangazo la kumfanya gavana wa kijeshi wa Hubei. Akagoma kutia sahihi. Mmoja wao akachukua kalamu, akaandika "Li", karatasi zikabandikwa mitaani. Zilipita siku kadhaa ndipo akakubali, akakata na ule msuko wa nywele uliokuwa alama ya utii kwa Qing.

Je, alikuwa mwanamapinduzi wa siri? Hata kidogo. Waasi walikosa mkubwa: Sun Wu, kiongozi wao mmoja, alikuwa amejeruhiwa na bomu siku moja kabla, wengine wamekatwa vichwa au wametoroka, na Sun Yat-sen, mwanamapinduzi mashuhuri ambaye wengi hudhani ndiye aliyeongoza uasi ule, alikuwa Marekani. Walitaka jina ambalo askari na matajiri wa mji wangeliheshimu.

Linaloniudhi zaidi ni kumwita bendera hufuata upepo. Desemba 1915 Rais Yuan Shikai, akijiandaa kuwa mfalme, alimtunukia cheo cha mwanamfalme. Li akakikataa, naye akiishi Beijing, mikononi mwa Yuan mwenyewe. Wangapi walithubutu?

Hekima ya siasa, hapo simtetei. Akiwa rais mwaka 1917, baada ya Yuan kufa, alimfukuza Waziri Mkuu Duan Qirui, kisha akamwita Jenerali Zhang Xun aje kusuluhisha. Zhang akaingia na jeshi, akamrudisha mtoto Puyi, mfalme wa mwisho wa Qing, kwenye kiti cha enzi kwa siku 12. Li akakimbilia ubalozi wa Japani.

Alirudi madarakani 1922. Juni 1923 majenerali walimbana hadi akapanda treni kwenda Tianjin. Treni ikazuiwa njiani, akadaiwa mihuri ya urais. Hakuwa nayo: alikuwa amemwachia mke wake mdogo, aliyekuwa nayo katika hospitali ya Wafaransa huko Beijing. Wakamshikilia mpaka mihuri ilipotolewa.